Kliniki ya ngozi Mwanza kwa wenye mikono inayopasuka: dokta safi, dirisha la dawa hapana

Niseme mapema ili mwenye haraka asihangaike kusoma mpaka chini, dokta nampa nyota tano, mapokezi mbili, dirisha la dawa moja na hiyo moja ni kwa sababu yule dada alinikopesha kalamu. Ukichanganya yote mi naweka tatu na nusu na ningerudi tena. Jina la kliniki siliweki hapa kwa sababu nina lawama nao na sitaki nionekane namharibia mtu biashara, ila ni ya binafsi, iko mjini kati, kutoka Buzuruga ni daladala moja tu na kutembea kidogo.

Mi ni mkaanga chipsi, Nyakato. Mtu akisikia chipsi anawaza moto na mafuta, kumbe kazi kubwa ni maji. Kuanzia mchana unamenya viazi, unaviosha, unakata, unaviloweka kwenye ndoo, ukimaliza hapo unakuja kwenye nyanya na vitunguu vya kachumbari, unakamua ndimu, unapara sato wawili watatu wa wateja wa samaki, na katikati ya yote hayo sahani zinaoshwa kwa sabuni ya unga maana ndo inakata mafuta. Mikono inakauka pale unapolala tu. Sasa mimi vilianza vipele vidogo vidogo vya maji pembeni ya vidole, vinawasha balaa hasa usiku, ukivikuna vinapasuka, afu ngozi inakuwa ngumu inabanduka, mwisho inapasuka nyufa kwenye maungio ya vidole na kwenye kiganja mpaka damu. Ukiwa na nyufa hizo ukamue ndimu, aisee, utaita mpaka majina ya mababu ambao hukuwahi kuwaona.

Na kuuma sio ndo ilikuwa shida kubwa. Shida mteja. Watu wetu huku hawakwambii kitu usoni, anaangalia mkono, anaangalia kikaango, anakwambia "naja bosi, nafuata hela kwa mshkaji" na ndo hivyo kapotea mazima. Wengine wanaanza kunong'ona ana ngoma huyo. Kuna mzee wangu mmoja mteja wa siku zote, yeye alikuwa muwazi, akaniambia mwanangu nenda hospitali kabla hawajakufungia biashara kwa maneno.

Ushauri wa bure nao ulikuwa mwingi kuliko viazi. Mmoja fangasi. Mwingine kichocho kwa sababu tuko kanda ya ziwa basi kila kinachowasha ni kichocho. Mama jirani akasema niwe naloweka mikono kwenye maji ya moto yenye detoli na chumvi, kijana wa boda akasema kuna mtu kanichezea, nimwangalie jirani anayeuza chipsi mkabala. Duka la dawa moja la mtaani nikauziwa tyubu, ile wanaita tatu kwa moja, inatibu fangasi, bakteria na miwasho vyote kwa pamoja, na nikaambiwa hii ndo mwisho wa matatizo. Na kweli ndani ya siku chache mikono ikawa laini kama ya mtoto, nikasema nimepona. Tyubu ikaisha, ikarudi kwa hasira. Nikauziwa nyingine, ikatulia, ikarudi. Yaani ni biashara nzuri sana ile kwa muuzaji, mteja harudi kulalamika, anarudi kununua.

Basi ndo nikaenda hiyo kliniki.

Mapokezi. Kwanza dokta wa ngozi hayupo kila siku, ana siku zake kwenye wiki, na hilo hawaliandiki popote, mpaka upige simu au ufike uambiwe rudi. Mi niliambiwa rudi. Wenye kutoka mbali, Magu, Misungwi, Sengerema huko ng'ambo ya ziwa, jamani pigeni simu kwanza msije mkalala mjini bure. Pili, dada wa mapokezi ana sauti ya mpiga debe. Foleni imejaa watu, anasimama mlangoni anaita "wa upele wa mikono ni nani?" Nikanyanyuka, kila mtu akaangalia mikono yangu, mama aliyekuwa kakaa pembeni yangu akavuta mtoto wake upande wa pili. Siwezi kumlaumu yule mama, hajui, lakini wewe wa mapokezi unajua, ita jina la mtu basi.

Foleni ndefu, ila ilinifundisha kitu. Nilikaa na mdada mmoja wa saluni vidole vyake vimepasuka kama vyangu, anasuka na kuosha nywele na kupaka dawa, kuna kaka fundi ujenzi, yeye saruji ndo imemuharibu. Akapita nesi tukawa tunaongea naye, mama mtu mzima, akasalimia kwa Kisukuma mwangaluka, akageuza mikono yake akatuonesha, na yeye imekauka ina mabaka mekundu. Akasema "wanangu hii hata sisi manesi inatukuta, tunaosha mikono kutwa nzima, kipindi kile cha korona ndo tulikoma." Nikajisikia vizuri kidogo kwa kweli, nilidhani ni mimi tu na viazi vyangu.

Sasa dokta. Hapa ndo nimetoa nyota tano na ningekuwa na sita ningetoa.

Kwanza alinishika mikono. Najua inaonekana kitu kidogo lakini ukikaa muda watu wanapokea chenji kwako kwa ncha za kucha, mtu akikushika viganja vyote viwili akaviweka kwenye mwanga akavigeuza geuza unaona kama umerudishiwa heshima. Hakuvaa glavu hata, akasema kaka hii haiambukizi, ningekuwa naogopa ningevaa. Halafu akaniambia nivue viatu. Nikashangaa, dokta shida mikono, akasema ndiyo najua, vua. Kumbe fangasi wa mkono mara nyingi unakuta wako mkono mmoja na wanatokea miguuni, sasa anaangalia katikati ya vidole vya miguu na kucha. Akaangalia viwiko, magoti, kichwani, ananiuliza kama kuna sehemu ina magamba meupe, akaangalia katikati ya vidole vya mikono na kwenye kifundo cha mkono kama kuna vijistari vya upele ule wa wadudu, akauliza nyumbani kuna mwingine anajikuna usiku? Hamna. Mimi tu.

Afu maswali sasa. Utotoni ulikuwa na pumu ya ngozi? Nikasema mama alikuwa ananipaka mafuta ya ng'ombe kwenye viwiko kwa ndani na nyuma ya magoti maana nilikuwa najikuna mpaka shule wananitania. Akaandika. Pumu ya kifua kwenye familia? Dada yangu anayo. Akaandika. Unafanya kazi gani, nikasema biashara ya chakula, akasema hapana, nielezee kuanzia unaamka mpaka unalala mikono yako inagusa nini. Huyu mtu alinisikiliza mpaka kwenye ndimu na magamba ya samaki, akawa anauliza hadi sabuni ni ya kipande au ya unga, pete unavaa ukiosha vyombo? navaa, akasema sabuni inajificha chini ya pete.

Halafu likaja swali ambalo mi naona ndo lililolipia hela yangu yote. Ukisafiri, ukiacha kazi, inakuwaje? Ndo nikakumbuka nilivuka kwenda Nansio kwenye msiba wa baba mdogo, tukakaa matanga, mimi mtoto wa kiume sijagusa sahani wala kiazi muda wote ule, mikono ilikaribia kupona kabisa bila dawa yoyote, na mimi nikasema hewa ya Ukerewe ni nzuri. Dokta akacheka sana. Akasema kaka sio hewa, ni likizo. Muuza tyubu mtaani asingeniuliza hilo hata siku moja.

Na kichocho nikamuuliza kabisa maana watu walinisumbua. Akasema mwasho wa kichocho unakuja muda mfupi baada ya kuingia kwenye maji yenye vimelea na ugonjwa wenyewe unatafutwa kwenye mkojo na choo, haukai kwenye vidole unapasua ngozi kwa miezi. Hilo likaisha.

Hakuniandikia dawa kwa kuangalia tu. Akachukua kiwembe kidogo butu akakwangua ngozi kidogo juu ya kioo, haiumi, ikaenda maabara wakaweka kemikali wakaangalia kwa hadubini kama kuna fangasi. Nikasubiri kama saa moja hivi. Hamna fangasi. Alisema anakwangua kwa sababu zile tyubu za mchanganyiko nilizopaka zina steroidi kali ndani, na steroidi ukipaka juu ya fangasi inaficha, wekundu unapungua na mwasho unapungua huku fangasi wanajitanua wanabadilika sura mpaka mtu akiangalia kwa macho asiwatambue. Na tena baadhi ya hizo tyubu zina antibayotiki inaitwa neomaisini ambayo yenyewe inajulikana kwa kuleta mzio wa ngozi, kwahiyo unaweza kuwa unapaka kitu kinachokuwasha ili kutibu mwasho. Mi hapo nikanyamaza kimya.

Majibu yake, ukurutu wa mikono. Mwili wangu una asili ya pumu ya ngozi toka utotoni, hiyo ni nusu, nusu ya pili ni maji na sabuni na ndimu na maji maji ya viazi. Akaeleza ngozi ya juu imejengwa kama ukuta, seli ndo matofali na mafuta yake ndo udongo unaoshikilia, sabuni inaosha ule udongo kila siku kabla haujarudi, mwisho kila kitu kinapenya. Akasema kwa wataalamu mtu ambaye mikono yake iko kwenye maji zaidi ya masaa 2 kwa siku, au anayenawa zaidi ya mara 20, huyo ana kazi ya maji na yuko kwenye hatari. Nikapiga hesabu yangu kichwani nikaacha, maana masaa 2 mi nayamaliza kwenye viazi tu.

Nikamuuliza itapona lini moja kwa moja. Hakunidanganya. Akasema ukurutu unatulizwa, unadhibitiwa, na wapo wanaokaa miaka bila kuuona, ila ngozi ikishaonekana imepona kwa macho bado ndani inahitaji miezi kadhaa kurudi kwenye nguvu yake, na watu wengi wanaharibu hapo, wanaona iko poa wanarudi kwenye sabuni mikono mitupu. Kipimo kingine kipo cha kuangalia mzio, unabandikwa vitu mgongoni kwa masaa 48 halafu wanasoma wakibandua na wanasoma tena siku mbili mbele, pale kliniki hawana, akasema tukiona haishuki ataniandikia rufaa. Mdada wa saluni yeye nilisikia kaambiwa moja kwa moja kwamba anahitaji, kwa sababu rangi za nywele zina kemikali zinazojulikana kwa mzio, na fundi wa saruji pia, kuna kromiamu kwenye saruji. Kwahiyo msifikiri akitibiwa mwenzako nawe unachukua dawa yake, tulikuwa watatu mikono inafanana na kila mtu katoka na maelezo yake.

Dokta mwenyewe nilimchokonoa kasoma wapi, akasema Moshi, pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya ngozi toka 1992, wanafundisha mpaka watu wa nchi jirani, na wengi wanaotibu ngozi huku mikoani wamepita pale. Nawaambia ili mkisikia mtu ni tabibu wa ngozi na sio daktari bingwa msimdharau, kuna matabibu wamekaa Moshi miaka miwili wanasoma ngozi tu.

Dawa. Nilipewa betamethasoni, nayo ni steroidi ila hii kwa kipimo cha dokta, na alisisitiza iwe ya mafuta mazito sio ya krimu, kwa sababu ngozi yangu kavu na ina nyufa, ile ya mafuta inafunika inashika, krimu ina maji na vihifadhi na kwenye nyufa inachoma. Kipimo cha kupaka ni kidole, unakamua kuanzia kwenye ncha ya kidole cha shahada mpaka kwenye mkunjo wa kwanza, hicho kipande kinatosha mkono mmoja mbele na nyuma. Mara mbili kwa siku kwa muda alioniandikia, halafu mara moja, halafu siku moja moja, sio unaacha ghafla na sio unapaka mwaka mzima kwa sababu ngozi inakuwa nyembamba. Hapo nikaelewa kwanini tyubu za mtaani zilinifanya laini kama mtoto. Na watu wanazipaka usoni wawe weupe, Mungu awasaidie.

Ila alisema dawa hii ni ya kuzima moto, kinachojenga ni mafuta ya mgando. Yale yale ya kopo, yasiyo na harufu. Kila ukinawa, futa mikono kwa kugonganisha na taulo bila kusugua, paka. Kabla ya kulala paka mengi vaa soksi safi za pamba mikononi. Mke wangu alinicheka wiki nzima na hizo soksi, sasa hivi na yeye anavaa miguuni kwa ajili ya magaga.

Glavu ndo mtihani. Ushauri ni kuvaa glavu za pamba ndani, afu juu za nailoni nene au zile za bluu za naitrili, na unavua kila baada ya muda kwa sababu jasho likijaa ndani na lenyewe linachoma ngozi. Zile za mpira za kuoshea vyombo zina kemikali za kutengenezea mpira, wengine zinawaletea mzio. Bei sio mbaya ukinunua boksi, mi nanunua mjini kwenye maduka ya vifaa vya hospitali. Sasa wenzangu wa chipsi nisikilizeni, glavu ni za kwenye viazi na kachumbari na sahani, ukisogea kwenye kikaango VUA, mafuta ya moto yakirukia nailoni inayeyuka inagandia mkononi, hiyo sio ukurutu tena ni ajali. Ndimu siku hizi nakamua kwa kikamulio cha mia tano. Sahani anaosha dogo ninayemlipa, na yeye nimemnunulia glavu zake, maana sikutaka nihamishie ugonjwa wa kazi kwa mtoto wa watu.

Kuhusu vidonge, piritoni na vingine vya mzio, alisema vinasaidia ulale lakini ukurutu wenyewe havitibu. Na mimi usiku nimesimama na kikaango cha lita kibao, nikisinzia pale mtakuja kunizika, kwahiyo nilikataa na alikubali.

Haya, dirisha la dawa. Nimetoka kwa dokta na karatasi imeandikwa vizuri kabisa, mafuta mazito. Dirishani dada anaangalia karatasi anatoa krimu. Nikamwambia dada yangu imeandikwa ya mafuta, akasema "ni kitu kile kile." Sio kitu kile kile, nimetoka kuelezwa muda si mrefu kwanini sio! Nikarudi kwa dokta, nikapanga foleni upya, dokta akatoka mwenyewe akaenda dirishani wakaongea, ikaonekana ya mafuta imeisha. Sasa si ungesema imeisha? Nikaenda kuinunua famasi kubwa ya mjini bila shida na bei ya chini zaidi. Na hapo dirishani nilikuta mama mmoja kapewa tyubu tatu tofauti kwenye mfuko mmoja, haijaandikwa ipi asubuhi ipi usiku, ndo nikaazima kalamu nikamsaidia kuandika kutokana na karatasi yake. Kliniki inayotoza hela ya maana inashindwa vipi kuandika juu ya boksi? Mwenye kliniki kama unasoma, dokta wako anafanya kazi ya nusu saa na dirisha lako linaifuta kwa dakika moja.

Na kitu kingine, sinki la choo pale lina sabuni ile ya maji yenye harufu kali ya maua. Kliniki ya ngozi! Tumecheka kwenye foleni.

Gharama, sina bima nilitoa keshi, kumuona dokta pamoja na kile kipimo cha kukwangua haikufika elfu arobaini, dawa na mafuta ya mgando nje ya hapo. Kwa mkaanga chipsi hiyo ni hela, sitasema ni bei chee. Lakini nikijumlisha tyubu za mtaani, na sindano moja ya mzio niliyochomwa sehemu nyingine bila kuulizwa hata jina langu la pili, nilishatumia zaidi ya hapo nikiwa bado naumwa. Kwa asiye na hiyo hela, hospitali za serikali zipo, anzia kituo cha afya chako ukiomba rufaa, Sekou Toure ndo ya mkoa na Bugando ni ya kanda, ila foleni jiandae na chakula.

Matokeo sasa. Nyufa zimefunga. Vipele vya maji vinatokea mara moja moja nikizembea glavu, hasa wikiendi wateja wakiwa wengi, vikitokea napaka mapema vinatulia. Ngozi bado ina ugumu kwenye kidole gumba cha kulia, hicho ndo kinashika kisu. Wateja wamerudi wengi wao, na kuna ambao hawajarudi, wameshazoea kwa jirani na mimi simlaumu jirani, hakunichezea chochote masikini.

Mkienda, mambo machache ambayo mi ningependa mtu aniambie. Piga picha mikono yako siku ikiwa mbaya kabisa, maana siku ya kliniki inaweza kuwa imetulia na dokta akaona nusu habari. Beba tyubu na maboksi ya kila ulichopaka, hata ya mitishamba, hata ile unayoona aibu. Usipake kitu asubuhi ya siku hiyo. Mwambie kazi yako kwa undani, usiseme tu biashara. Na ukiona mikono inatoa usaha, imevimba ina joto, au ganda la njano linatanda na unasikia homa, usisubiri siku ya dokta wa ngozi, nenda popote siku hiyo hiyo maana hapo bakteria washaingia.

Wale mnaoniuliza pembeni kuhusu kuloweka kwenye detoli na chumvi, nilimuuliza dokta, akafumba macho kwanza ndo akajibu. Msiloweke. Maji ya moto pia hapana, ya uvuguvugu. Na sanitaiza kama hauna nyufa haina ubaya kuliko sabuni, ila ukiwa na nyufa itakuunguza.

Kadi yangu ya kurudi ni mwezi ujao. Nitapita dirishani makusudi kuulizia ile ya mafuta mazito, wakiwa nayo na wameandika maelezo juu ya boksi, nawaongezea hiyo nusu nyota iwe nne. Ya tano wazungumze na dada wa mapokezi kwanza.